Mvumaji si Chozi: Hesabu ya Sukari ya Ndege Anayesimama Hewani

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, shangazi yangu wa Moshi alinitumia video fupi kwenye simu. Ndege mdogo, mgongo wa kijani unaometameta, mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya magunia, ametua kwenye kikonyo cha mshubiri na anachovya ua moja baada ya jingine. Chini ameandika: "Mwanangu, huyo ndege wako wa Marekani unayejivunia mbona hata hapa kwangu yupo?"

Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Huyo wako ni chozi. Wangu ni mwingine kabisa."

Hakukubali, na sikumlaumu. Hata vijana wanaopiga picha nzuri za chozi Nairobi na Arusha huandika chini yake neno la Kiingereza hummingbird, watu wakabonyeza kupenda, hakuna anayeuliza. Nianzie kwenye ubishi huo basi, kwa sababu ukishajua kwa nini chozi si mvumaji umeshajua nusu ya namna ya kumvuta mvumaji aje uani kwako, na umeshaanza kuelewa kwa nini video zako zinatoka vile zinavyotoka.

Huyo hummingbird wa Marekani namwita mvumaji kwa kufuata wanaomwita ndege mvumaji, kwa ajili ya uvumi wa mabawa yake. Jina linamfaa. Unamsikia kabla hujamwona, kama nyuki mnene aliyepita karibu na sikio.

Ndugu wa teleka

Wavumaji wote, aina zaidi ya 350, wanaishi bara la Amerika na visiwa vyake, tangu Alaska kaskazini hadi Tierra del Fuego kule kusini kabisa. Ekuador, nchi isiyofika theluthi ya Tanzania kwa ukubwa, ina aina takriban 130. Afrika hayupo hata mmoja. Chozi nao, aina zaidi ya 140, wametapakaa Afrika na Asia hadi Australia, na Amerika hayupo hata mmoja. Kwa nasaba, mvumaji ni binamu wa teleka, wale ndege weusi wenye mabawa ya mundu wanaokaa angani mchana kutwa. Chozi yuko kwenye ukoo mwingine, pamoja na shomoro na kunguru. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja, ya kunywa mbochi wa maua, kama papa na pomboo walivyofanana kwa kuogelea ilhali mmoja ni samaki na mwenziwe ananyonyesha.

Shangazi ana hoja moja tu ya kunibana, na bahati nzuri haijui. Mwaka 2004 mtaalamu wa mabaki ya kale Gerald Mayr alitangaza mifupa ya mvumaji iliyochimbuliwa kusini mwa Ujerumani, yenye umri wa miaka milioni 30 hivi. Kwa hiyo zamani sana ukoo huu ulikuwapo pia upande wetu wa bahari, kisha ukatoweka.

Tofauti kubwa iko begani. Ndege wa kawaida akipiga bawa chini anapata nguvu ya kumnyanyua, akilirudisha juu hapati kitu cha maana. Mvumaji hulipindua bawa zima kwenye fundo la bega, likachora nambari 8 iliyolala, na linaporudi nalo linamnyanyua. Mwaka 2005 watafiti wa Oregon walipima hewa inayozunguka mabawa yake wakakuta kiasi cha asilimia 75 ya nguvu inatoka pigo la mbele na 25 pigo la kurudi. Ndiyo maana anaweza kusimama hewani mbele ya ua, akaenda kinyumenyume, akapanda wima kama lifti. Chozi naye huweza kuning'inia hewani, lakini sekunde chache tu, kwa kutapatapa. Akipata tawi atatua.

Kuna kisa cha Afrika Kusini kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Mtumbaku-pori uitwao Nicotiana glauca ulitoka Amerika Kusini ukaenea kama magugu. Maua yake yamezoea wavumaji, hayana mahali pa kukanyaga. Chozi wa huko, walipoona mbochi mwingi hivyo, wakajifunza kusimama hewani mbele yake muda mrefu kuliko kawaida yao. Sasa wanauchavusha mmea wa kigeni kwa mtindo wa kigeni. Kumbe mabawa ya chozi yanaweza. Ni kwamba kwa kawaida hakuna faida ya kutosha ya kuyachosha.

Ndege wa kibarua

Ninaishi pembezoni mwa Columbus, Ohio. Huku mashariki mwa mto Mississippi mvumaji anayetaga na kulea ni wa aina moja tu, mvumaji koo-jekundu, Archilochus colubris. Uzito wake ni gramu 3 hivi. Kijiko cha chai cha sukari kinamzidi.

Shika hesabu yake, maana mengine yote yanatoka humo. Mabawa hupiga mara 50 hivi kwa sekunde. Moyo, akiwa kazini, unaweza kupita mapigo 1,200 kwa dakika. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, kama kikombe cha kahawa kinavyopoa kabla ya birika. Ili asizimike huhitaji kila siku sukari inayokaribia nusu ya uzito wake, na kwa kuwa mbochi ni maji zaidi kuliko sukari, hunywa kwa siku kuliko uzito wake wote. Mimi nina kilo 80. Kwa kipimo chake ningemaliza kilo 40 za sukari kwa siku. Gunia la kilo 50 lisingefika kesho jioni.

Tena hana akiba ya mchana. Mtu akikimbia, sukari aliyoila punde hulipia theluthi hivi ya kazi ya misuli, iliyobaki hutoka ghalani mwilini. Mvumaji, ndani ya dakika 30 hadi 45 tangu aanze kunywa, huruka karibu kabisa kwa sukari hiyohiyo iliyoingia sasa hivi. Ni ndege wa kibarua cha kutwa, akilipwa ndipo anakula, na akila ndipo anaweza kwenda kazini tena.

Usiku je, asipoweza kunywa? Kukiwa na baridi au akilala na njaa, hujizima. Joto la mwili hushuka, moyo hupunguza mwendo, pumzi huwa za kuhesabika. Kwenye milima ya Andes nchini Peru, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mvumaji mmoja aliyeshuka hadi nyuzi 3.3 za Selsiasi, baridi ya ndani ya friji, na asubuhi akaamka salama. Jambo hili lina faida kwako uani. Ukimkuta alfajiri ananing'inia kichwa chini kwenye chupa ya maji ya sukari uliyomtundikia, miguu imeshikilia, macho yamefumba, usianze kumsomea. Mara nyingi hajafa. Mwache jua limpate.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza ukorofi wake. Watu wanashangaa kiumbe kidogo, kizuri vile, kinavyoweza kuwa na choyo: dume moja hukaa kwenye tawi juu ya chupa na kumfukuza kila anayekaribia, hata ndege wanaomzidi mara kumi. Lakini ua la kawaida lina tone dogo tu la mbochi na likinyonywa huchukua muda kujaa tena. Asiyelinda maua yake hulala njaa. Chupa yako yeye anaihesabu kama ua moja kubwa lisilokauka, basi anailinda kama shamba. Dawa yake si kuongeza sukari. Tundika chupa mbili au tatu mahali ambapo mlinzi hawezi kuziona zote akiwa tawi moja, moja mbele ya nyumba na nyingine nyuma ya kona. Atachoka.

Chupa

Kipimo ni sehemu 1 ya sukari nyeupe kwa sehemu 4 za maji, kwa ujazo. Koroga mpaka iyeyuke, basi. Kiasi hicho hakiko mbali na mbochi wa maua anayoyapenda. Ukizidisha sukari unamnyima maji na uzito wa shira unamchelewesha. Ukipunguza sana anafanya kazi kubwa kwa malipo madogo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la ukarimu. Nilikuwa na asali ya Tabora niliyoletewa na mgeni, nikaona mgeni huyu mwingine naye astahili kitu cha kwetu, nikaichanganya na maji nikamtilia. Siku ya pili ilikuwa na povu, siku ya tatu inanuka kama pombe ya kienyeji. Asali ikiwa nzito haiozi, lakini ukishaitia maji chachu na kuvu hushangilia, na kuvu hao wanaweza kumdhuru ndege. Sukari ya kahawia au guru nayo hapana, ina madini ya chuma kuliko mwili wake unavyoweza kuhimili. Vitamu vya wagonjwa wa kisukari ndiyo balaa kabisa: ni kumlisha upepo.

Rangi nyekundu wanayouza madukani haina kazi. Chupa nyingi zina kifuniko chekundu, chatosha. Na hapa pana jingine la kufafanua, kwa sababu watu husema mvumaji huzaliwa anapenda nyekundu. Ukweli ni kwamba nyuki hawaoni nyekundu vizuri, hivyo maua mekundu mara nyingi huwa hayajakombwa, na mvumaji hujifunza upesi kwamba rangi hiyo inalipa. Ukimzoesha chupa isiyo na rangi atakuja vilevile. Macho yake yanaona mengi kuliko yetu: ana vipokezi vinne vya rangi, sisi vitatu. Mwaka 2020 Mary Caswell Stoddard na wenzake walitangaza majaribio waliyofanya kwa taa ndogo milimani Colorado, na wavumaji wa porini walitofautisha kijani cha kawaida na kijani kilichochanganywa na urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni, na mchanganyiko huo sisi hatuna hata jina lake.

Na ulimi? Ndege kwa jumla walipoteza zamani sana kipokezi cha kuonja utamu. Mwaka 2014 Maude Baldwin na wenzake walionyesha kwamba kwa wavumaji kipokezi kingine, kile cha kuonja ladha ya mchuzi wa nyama, kiligeuzwa taratibu kikaanza kuonja sukari. Ndege mla wadudu alibadilisha ulimi akapata riziki ya pili. Sijui mfano mzuri kuliko huo wa kutumia ulichonacho.

Usafi ndio unaowashinda wengi. Wakati wa joto la nyuzi 30 badilisha maji kila siku au siku ya pili. Kukiwa na baridi siku tatu nne si neno. Usingoje yawe na ukungu. Osha kwa maji ya moto na brashi, suuza vizuri. Kwa hiyo nunua chupa ndogo. Kumbuka kijiko kimoja cha sukari kinawatosha wavumaji wawili na ziada kwa siku. Chupa ya lita nzima ni kwa ajili ya fahari yako.

Itundike kivulini, na dirishani iwe karibu sana, ndani ya mita 1, au mbali, kupita mita 9. Umbali wa katikati ndio unaoua, kwa sababu anapata kasi ya kutosha kuvunja shingo kwenye kioo anachodhani ni anga. Sisimizi watakuja, kikombe kidogo cha maji kinachoning'inia juu ya chupa huwazuia, hawajui kuogelea. Nyigu nao wakizidi, tumia chupa bapa ya aina ya kisahani, ambayo maji yako chini ya tundu: ulimi wa mvumaji unafika, wa nyigu haufiki. Na angalia vunjajungu. Huku wapo wakubwa wanaojificha juu ya chupa na kumkamata mvumaji mzima mzima. Utotoni tuliambiwa ukimgusa vunjajungu utavunja kila chombo utakachoshika, hivyo mimi humhamisha kwa kijiti mpaka ua wa jirani.

Kwa Ohio, tundika katikati ya Aprili. Madume hutangulia, majike hufuata. Na vuli usiondoe mapema. Kuna imani iliyoenea kwamba chupa ikibaki itamtega ndege asisafiri, baridi ikamwulia hapa. Si kweli. Anayempa amri ya kuondoka ni urefu wa mchana unaopungua, si tumbo. Kabla ya kuondoka hula mpaka uzito wake unakaribia kuongezeka mara mbili, mafuta matupu, kisha wengi huvuka Ghuba ya Meksiko, kilomita 800 hivi za maji bila mahali pa kutua, kwa mruko mmoja, kwenda kukaa Meksiko na Amerika ya Kati. Msafiri wa namna hiyo humnyang'anyi kikombe cha mwisho mlangoni. Mimi naiacha wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho.

Uani bila ua

Nikisema kweli, chupa ni kitu cha pili. Cha kwanza ni maua, na maua ya hapahapa. Aquilegia canadensis huchanua mapema, wakati wageni wanafika na njaa ya safari. Kiangazi kikikolea inafuata Monarda didyma yenye vichwa vyekundu kama vishada, Lonicera sempervirens inayotambaa ukutani, na Campsis radicans, ambayo nakuonya, ukiipanda leo kesho imeshika paa. Mwishoni mwa msimu, penye unyevu, Lobelia cardinalis na Impatiens capensis. Karibu zote ni za mrija mrefu na nyingi hazina harufu kwetu, maana zinamwita ndege, si mdudu.

Halafu usipulize dawa. Sukari ni petroli, haijengi mwili. Protini yake hutoka kwa wadudu wadogo na buibui, na makinda hulishwa wadudu kwa wingi. Hata kiota, kikombe kidogo kisichozidi kokwa kubwa, jike hukifunga kwa nyuzi za utando wa buibui ili kitanuke makinda yanapokua, na nje hukibandika kuvumwani mpaka kifanane na kifundo cha tawi. Anataga mayai mawili, analea peke yake. Dume hana habari.

Kumtambua ni rahisi. Mwenye koo jekundu ni dume mzima. Mwenye koo jeupe ni jike au kijana, na kijana wa kiume mara nyingi huwa na vidoa kooni. Mwanzoni mwa Agosti madume huanza kuondoka, hivyo usidhani wamekufa ukibaki na makoo meupe tu. Usidhani pia kwamba una ndege wawili kwa sababu huwaona wawili. Wanafanana, wanapishana, na unaowahesabu leo asubuhi huenda si wale wa jana jioni. Kwa wasomaji walioko California hadi Vancouver, yenu ni aina nyingine, mvumaji wa Anna, na wengi wao hukaa mwaka mzima. Dume wake hupiga mbizi kutoka juu mbele ya jike, na mtafiti Christopher Clark aliipima mbizi hiyo mwaka 2009 akakuta anapita urefu wa mwili wake mara 385 kwa sekunde. Kile kilio kikali anachotoa chini kabisa hakitoki kooni, kinatoka manyoya ya mkiani yanapochanwa na upepo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inakataza kumkamata au kumfuga, hata kwa nia njema. Aliyeumia apelekwe kwa waliopewa leseni ya kuwatibu.

Kwa nini simu yako inadanganya

Karibu miaka 180 vitabu vilisema ulimi wa mvumaji hunyonya kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta. Mwaka 2011 Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega wa Chuo Kikuu cha Connecticut wakaweka kamera ya kasi kubwa mbele ya chupa zenye pembeni za kioo, wakaona mambo mengine. Ncha ya ulimi imegawanyika mara mbili, kila upande una kingo zenye vishada. Ukiingia majini hufunguka, ukitoka hujifunga na kuteka tone ndani. Baadaye walionyesha pia kwamba mifereji ya ulimi, ikiwa imebanwa bapa, hutanuka yenyewe ndani ya mbochi na kuuvuta kama pampu. Haya hufanyika mara 15 na zaidi kwa sekunde. Macho matupu yasingeona daima.

Hilo ndilo tatizo lako na simu pia. Chukua hesabu: bawa lina urefu wa sentimita 4.5 hivi, linafagia zaidi ya sentimita 11 kila pigo la kwenda na kila la kurudi, na kuna mapigo kama 100 ya namna hiyo kwa sekunde. Ncha inakwenda mita 11 au 12 kwa sekunde kwa wastani. Ndani ya 1/1000 ya sekunde, kasi ambayo ingemgandisha mtu anayekimbia, ncha imeshasogea zaidi ya sentimita 1. Picha itatoka na mwili safi na mabawa ya ukungu. Kwa 1/4000 inasogea milimita 3 hivi, unaanza kuona manyoya. Binafsi sioni ubaya wa ukungu kidogo. Mvumaji aliyegandishwa kabisa huonekana kama ametundikwa kwa uzi dukani.

Video ina ujanja wake. Simu ikichukua fremu 60 kwa sekunde na bawa linapiga mara 50, kila fremu inalikuta bawa mahali tofauti kidogo na palipotarajiwa, na ukicheza video unaona mabawa yanapepea polepole, hata kinyume, ilhali ndege hajashuka. Mwendo wa bawa ukilingana na wa fremu, mabawa yanasimama kabisa, ndege anaelea kama mzimu. Hapo hakuna muujiza, ni ile hali ya gurudumu la gari kwenye sinema linaloonekana kurudi nyuma. Na zile video ambazo bawa limepinda kama mpira ni kwa sababu kamera ya simu haisomi picha nzima kwa mara moja. Husoma mstari kwa mstari, na bawa linahama kabla mstari wa mwisho haujafika.

Mwendo wa pole wa fremu 240 unasaidia sana. Kila pigo kamili hupata fremu karibu 5, na ukiicheza kwa fremu 30 ndege amepungua kasi mara 8: mabawa yanapiga kama mara 6 kwa sekunde, jicho linaweza kufuata ile nambari 8. Gharama yake ni mwanga, kwa maana kila fremu haiwezi kupata zaidi ya 1/240 ya sekunde ya mwanga. Kivulini utapata uji. Piga asubuhi jua likiwa mgongoni mwako.

Jua mgongoni lina sababu ya pili, nzito kuliko ya kwanza. Wekundu wa koo la dume haujapakwa kama rangi ya nguo. Ndani ya manyoya kuna vipande bapa vyenye hewa, vya umbo la chapati, vimepangwa tabaka kwa tabaka, na ni mpangilio huo unaorudisha mwanga mwekundu kuelekea upande mmoja tu. Akigeuka kidogo koo linakuwa jeusi tii. Wiki nzima ya kwanza nilidhani nina ndege wawili.

Usimfukuze na kamera. Yeye anakujia, mara nne tano kwa saa, kwenye tundu lilelile. Ziba matundu mengine yote ya chupa kwa utepe ubaki na moja, kaza simu kwenye tripodi mita moja na nusu hivi, funga ulengaji kwenye tundu hilo, hakikisha nyuma kuna majani ya mbali na si ukuta, kisha kaa kimya. Anza kurekodi ukisikia uvumi, usingoje kumwona. Ukiwa na kamera kubwa, picha bora utaipata hatua moja kabla hajachomeka mdomo au anaporudi nyuma kumeza, maana hapo chupa haipo kwenye fremu. Weka kijiti kikavu karibu. Atakitumia kati ya mnyweo na mnyweo, na hapo utapata picha za kujinyoosha na kujikuna ambazo hakuna anayezipiga.

Wanaotaka bawa ligande kabisa hutumia flashi kadhaa zikiwa na nguvu ndogo, kwa sababu flashi ya nguvu ndogo huwaka muda mfupi mno, chini ya 1/10,000 ya sekunde, na katika muda huo ncha haijasogea zaidi ya milimita 1 hivi. Kinachogandisha ni mwako wenyewe. Njia hii ilitoka kwa Harold Edgerton wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, aliyetengeneza taa za kumulika haraka miaka ya 1930 akazielekeza kwa wavumaji miongoni mwa vitu vingi. Mimi siipendi uani. Ndege anayehesabu kila tone sioni haja ya kumwongezea radi.

Shangazi naye aliniuliza kama atundike chupa. Nikamwambia asijisumbue, migomba yake na mishubiri inatosha, na chozi hatapenda kuning'inia. Wiki iliyopita ametuma video nyingine. Kando ya mfereji umeota mtumbaku-pori, na mbele ya ua lake la njano, hewani, bila tawi wala kikonyo, kuna chozi. Sekunde tatu, labda nne. "Na huyu je?" ameuliza.

Nimemwomba apige tena, safari hii kwa mwendo wa pole.